Waambieni Kabla ya Mvua

Hamisi, yule anayekata mbao, alinifuata nyumbani muda mfupi baada ya kustaafu kwangu akaniuliza mashine ya kukereza inafungwaje isitetemeke. Nikamwambia. Akarudi kuuliza kwa nini rangi nyekundu inachelewa kukauka kuliko nyingine. Nikamwambia. Aliporudi mara nyingine nikaona nitageuka mtumishi wa karakana bila kuajiriwa, afadhali niandike yote mara moja mkae nayo. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyeishia darasa la nne kule Kisawasawa. Atakayeshindwa kuusoma aje, lakini aje na sukari.

Mashine haina ubovu. Inatetemeka kwa sababu sakafu yetu imeinama upande mmoja. Weka gunia la mchanga juu ya miguu yake, kisha ufunge nati huku umelikalia. Nyekundu inachelewa kwa sababu mnaipaka nene, mnadhani watoto hawaioni. Mtoto anaiona nyekundu hata ukiigusisha tu. Hayo yameisha, sasa nianze mwanzo.

Kazi nilifundishwa na Mzee Polikarpo, fundi wa vitanda na majeneza kutoka Mahenge, aliyekuwa na kibanda chake kule Lumemo. Nilifika kwake kijana, natafuta kubeba mbao. Vipande vya mitiki vilivyobaki alikuwa havitupi. Alivitumia kutengeneza malori madogo ya watoto, akayapanga dirishani. Mtu alikuja kuagiza jeneza la baba yake, akatoka na lori la mwanawe kwapani. Sikuwahi kumwuliza kama alifanya kusudi. Nadhani alifanya kusudi.

Siku ya kwanza alinipa tairi la mti na kipande cha msasa, akasema, "Lainisha." Nikalainisha. Nikampelekea. Akalipitisha kwenye midomo yake, taratibu, kama mtu anayejifuta uji.

"Bado."

Nikarudi. Nikasugua mpaka vidole vikawaka. Nikampelekea.

"Bado."

"Mzee, mbona mkono wangu unasema limelainika?"

"Mkono wako umelima. Mkono uliolima haujui habari za ulaini. Na mtoto hachezi kwa mkono, anacheza kwa mdomo. Rudi."

Jioni tairi lilikuwa dogo kuliko wenzake na halikufaa kitu. Akanipa nikaenda nalo nyumbani. Kesho yake akanipa lingine. Ndiyo maana nilikuwa napitisha kazi zenu midomoni mwangu mkanicheka. Msicheke. Fanyeni.

Mzee Polikarpo alipochoka, karakana akamwuzia Mama Severina, mfanyabiashara wa mbao kutoka Morogoro. Huyo hakujua kushika randa na hakujifanya anajua, na kwa hilo nilimheshimu tangu mwanzo. Alichojua ni kuuza. Vitanda akavifuta. Majeneza akayafuta, akasema hawezi kufanya biashara ambayo mteja akirudi ni balaa. Akabakiza vichezeo. Akaenda Dar es Salaam na sanduku la malori, matrekta na wanyama, akarudi na maduka yanayoyataka kwa ajili ya Krismasi. Tukawa wengi, tukajengewa banda la bati, ikaja mashine ya kukereza. Mimi nikawa msimamizi. Cheo chenyewe maana yake ni kwamba kitu kikiharibika unaitwa wewe.

Viliharibika vingi. Mwaka mmoja tulitengeneza matrekta wakati wa kiangazi, tukayafunga matairi yamekaa barabara kabisa. Mvua zilipoanza mti ukavimba, matairi yakagoma kuzunguka. Duka likarudisha mzigo mzima. Tangu hapo nikaweka sheria kwamba tundu la ekseli liwe na nafasi ya kupita ukucha, na ekseli ilowekwe kwenye mafuta kabla ya kufungwa. Mwaka mwingine ilikuwa mikonga ya tembo. Tulikuwa tunaikata kwa kukatisha nyuzi za mbao, na kila tembo aliyeanguka mezani aliamka hana pua. Mkonga ufuate nyuzi. Mtu akikwambia haiwezekani, mgeuzie ubao.

Na jambo moja kuhusu wanyama. Wazungu na watu wa Dar wanapenda kiboko. Mtoto wa Ifakara hajawahi kutuomba kiboko. Anajua kiboko anafanya nini kwenye shamba la mpunga. Yeye anataka lori.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Mnaijua kanuni ya Mama Severina kwamba mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili hakuna ruhusa. Ilibidi. Oda za Krismasi zinatoka miezi hiyo, na miezi hiyohiyo bonde zima linaandaa majaruba ya mpunga. Mtu hawezi kuwa na jembe na brashi kwa wakati mmoja. Kwa hiyo sisi wa karakana tuliacha mashamba. Wenye mashamba wakayakodisha, wasio nayo wakasahau. Tukawa watu wa Kilombero wanaonunua mchele dukani, na jirani zetu walitucheka kwa hilo. Tulivumilia kwa sababu Krismasi ilikuwa inalipa.

Tulikuwa pia na kawaida yetu ya kuitabiri Krismasi. Tuliipima kwa mpunga. Mpunga ukikubali, watu watauza, watakuwa na fedha, watanunulia watoto vichezeo. Ukikataa, tupunguze. Mama Severina naye aliishika kawaida hiyo, maana ilikuwa haijamwangusha. Basi ukaja ule mwaka ambao mpunga ulikubali mpaka watu wakakosa magunia. Kila mtu akasema hii Krismasi itatisha. Tukatengeneza bila kupumzika, malori ya kuuzwa hapahapa bondeni, mpaka masanduku yakafika kwenye bati.

Mpunga ulikubali kwetu, ukakubali na kwingine kote. Bei ikaporomoka. Watu wakawa na ghala limejaa na mfuko mtupu, wakaamua kuufungia mpunga ndani wasubiri bei. Nani atanunua lori la mbao wakati hata nguo ya sikukuu hajanunua? Na maduka ya Dar nayo mwaka huohuo yakaagiza kidogo. Plastiki ilikuwa imejaa kila kona, gari linalowaka taa na kupiga honi. Langu mimi halipigi honi. Mtoto anapiga mwenyewe kwa mdomo.

Siku moja mwezi wa kwanza Hamisi alisimama akayatazama yale masanduku, akasema, "Mzee Kosmas, hii Krismasi yenu imekataa. Tujaribu Idi."

"Idi nayo watanunua nguo," akasema Yusta bila kuinua kichwa.

Yusta ndiye aliyekuwa mpaka rangi wetu mkuu. Macho ya wanyama wote mliowaona hapo yalikuwa ya mkono wake. Anachovya ncha ya unyasi kwenye rangi nyeusi, anagusa mara moja, basi, yule kiboko anakutazama. Alikuwa analea watoto wawili peke yake. Baba yake, mtu wa Lupiro, alimwachia shamba zuri ng'ambo ya mto, lenye maji yasiyozidi wala kupungua. Kila mwaka alilikodisha.

Idi tuliuza machache. Sikukuu zikapita hivyohivyo mpaka ikafika mwezi wa kumi, na Mama Severina akaniita kwenye ofisi yake. Alinipa shikamoo kama kawaida yake, nikaitikia marahaba.

"Mzee, oda za Dar zimekuja nusu," akasema. "Na baada ya hii hawataki tena rangi. Wanataka mbao tupu iliyopakwa mafuta. Wanasema ndiyo wateja wanapenda sasa."

"Mbao tupu isiyo na macho?"

"Isiyo na macho."

"Basi wapaka rangi wafanye nini?"

Alisema watakaoondoka ni wapaka rangi wote na wawili wa msasa. Tungebaki wanne. Alikuwa ameshauza kiwanja chake cha Morogoro kutulipa sisi mwaka uliopita, hilo nililijua, kwa hiyo msianze kumtukana. Alikuwa mtu aliyeishiwa.

"Usiwaambie bado," akasema. "Wamalize hii oda. Nitawaambia baada ya Krismasi, wale sikukuu yao kwa amani."

Nikasema sawa. Kwa wakati ule ilionekana sawa. Ukimwonea mtu huruma unamwacha ale pilau yake kwanza.

Niliendelea na kazi. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa, wakati wa chai na vitumbua, Yusta alikuwa amekaa juu ya sanduku la malori yaliyokosa mtu, amechangamka kweli.

"Mzee, Jumapili yule mpangaji wangu wa shamba anakuja," akasema. "Safari hii anataka misimu miwili kwa mpigo. Nampa. Nikipata hiyo naezeka chumba cha nyuma."

"Misimu miwili?"

"Si afadhali? Mimi lile shamba nalifanyia nini? Kazi yangu ni macho ya viboko."

Hamisi akamwambia, "Usimpe ng'ambo yote. Baki na kipande, ukizeeka ukalime mchicha."

"Mchicha nitanunua kwako, utakuwa umeshaachishwa kazi kwa uvivu."

Wakacheka. Nikakirudisha kitumbua changu sahanini. Hapo ndipo nilipoona kwamba ile huruma ya Mama Severina, na yangu pia, ilikuwa huruma ya mtu wa duka. Kwingine labda baada ya Krismasi ni sawa. Hapa kwetu, mtu anayeachishwa kazi mwezi wa kwanza ameachishwa mara mbili. Mashamba yameshakodishwa, majaruba yameshatengenezwa, mbegu ziko chini. Atakachopata ni kipande kikavu kilichokataliwa na wote, au kile cha chini ambacho mto unakipitia. Itabidi angoje mvua nyingine. Na Yusta alikuwa anakwenda kulitoa lake kwa misimu miwili, keshokutwa, anacheka.

Nikaacha chai nikaenda ofisini.

"Mama, waambie leo."

"Tulikubaliana, mzee."

"Tulikubaliana kabla sijafikiri."

Akaweka kalamu chini. "Nikiwaambia leo, kesho nani atapaka? Watakasirika, wataondoka. Hii oda ikichelewa hata nyinyi mnaobaki sina pa kuwaweka. Unataka hivyo?"

"Sitaki. Lakini Yusta Jumapili anakodisha shamba lake. Misimu miwili. Wewe ukimwambia mwezi wa kwanza, atalima wapi?"

"Sikujua ana shamba."

"Hukuuliza. Mimi najua na ndiyo nakwambia."

Alisimama akaenda dirishani. Mama Severina hana roho mbaya, narudia. Alikuwa amefunga hesabu zake kwa njia moja, na mimi nilikuwa namwambia afungue tena. Akasema labda nimwambie Yusta peke yake, kwa siri.

"Na wale wengine wana nini, wao hawali? Kila mmoja ana shangazi mwenye jaruba mahali. Wakijua sasa, wataomba. Wakijua mwezi wa kwanza, wataomba chakula."

"Mzee Kosmas, unaniharibia biashara."

"Biashara ilishaharibika, mama. Mimi naokoa msimu. Sasa chagua. Utasema wewe au nitasema mimi. Ningependa useme wewe, una sauti nzuri."

Akarudi mezani akaokota kalamu, akasema, "Sema wewe. Mimi sitaweza kuwatazama."

Jumamosi asubuhi nilizima mashine, nikawaambia. Sikuzungusha. Nilisema oda zimepungua, rangi haitakiwi tena, watakaoondoka ni hawa na hawa, kazi ipo mpaka mzigo huu utoke, na mwenye pa kulima aanze kutafuta leo. Hamisi alibaki ameshika msumeno kama mtu aliyesahau unatumikaje. Yeye alikuwa wa kubaki, na nadhani aliona aibu.

Yusta alichovya brashi kwenye thina, akaisafisha, akaipangusa na kitambaa mpaka ikakauka. Kisha akanigeukia.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne." Akahesabu kichwani. "Jana nilipokaa pale nakwambia habari za mpangaji, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na ukala kitumbua."

"Sikukimaliza."

"Hongera," akasema. Akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatoka. Wapaka rangi wenzake wakamfuata. Wa msasa walibaki, wakasema wao watamaliza, ila niwaache wafanye kazi bila kuongea na mimi. Nikawaacha.

Kwa hiyo Mama Severina alikuwa na haki. Kupaka hakukuwa na mtu. Alikuja akasimama mlangoni, akatazama zile safu za twiga na viboko weupe wasio na macho, hakunilaumu kwa neno hata moja. Ingekuwa nafuu angenilaumu. Jumatatu nikachukua unyasi nikaanza kuweka macho mwenyewe. Mimi ni fundi wa mbao, nasema bila kujisifu hakuna anayenikuta kwenye msumeno katika bonde hili. Lakini macho si msumeno. Kiboko wa kwanza alitazama pande mbili kwa wakati mmoja. Wa pili alionekana ameumwa jino. Hamisi akasema twiga wangu wanafanana na mtu anayedaiwa, na hapo ndipo mara ya kwanza mtu alicheka humo ndani tangu Jumamosi.

Jumanne Yusta akaingia. Hakunisalimia. Aliinua kiboko mmoja, akamgeuza kwenye mwanga.

"Hiki ni nini?"

"Kiboko."

"Watu wa Dar wanajua macho ya hapa ni yangu. Miaka yote. Hamuwezi kupeleka makengeza kwa jina langu." Akavuta sanduku, akakaa. "Leteni thina nifute huu upuuzi. Na wewe mzee rudi kwenye msumeno wako."

Akapaka mpaka oda ikaisha. Wenzake wawili aliwaita yeye, mimi nisingeweza. Mzigo ulichelewa kidogo, duka likanung'unika, likapokea. Siku zote hizo hakunipa shikamoo. Kuhusu shamba sikuthubutu kumwuliza. Hamisi ndiye aliyeniambia kwamba Jumapili ile mpangaji alifika, akakuta Yusta na watoto wake wanafyeka.

Krismasi ikaja, ikapita. Wote mliobaki mnajua jinsi banda lilivyokuwa kimya. Mwezi wa tatu na mimi nikaona imetosha, nikakabidhi funguo. Kiporo kingine cha hadithi ni cha mwezi wa tano, na hicho mlikuwa hamkijui.

Mama Severina alinipigia simu, shikamoo, marahaba. Shule moja ya watoto wadogo ilikuwa inataka wanyama, na inawataka na rangi na macho. Oda ndogo, lakini oda. Akaniomba nikamwombe Yusta arudi japo wiki chache. Alisema mwenyewe hawezi kwenda. Nikapanda bodaboda, nikavuka daraja mpaka upande wa Lupiro, nikashuka njia ya shamba kwa miguu.

Mpunga ulikuwa umefika kifuani, umeanza kuinama. Yusta alikuwa juu ya dungu la kulindia mpunga, kamba za makopo zimetoka kwake kwenda kila upande wa shamba. Ndege kwelea walikuwa juu yetu kama moshi.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Ilikuwa miezi mingi sijaisikia. Nikaitikia, nikamweleza habari za shule, za oda, za Mama Severina. Akasikiliza mpaka mwisho huku anavuta kamba moja na kuachia nyingine.

"Mwambie nashukuru," akasema. "Lakini tazama. Nikiondoka hapa hata kwa wiki, nakuta mabua. Watoto wako shule. Jana nilikwenda kunywa maji tu, walishusha kipande kile chote."

"Baada ya kuvuna?"

"Baada ya kuvuna nitafikiri. Waniulize kabla sijaandaa msimu mwingine, siyo baada." Akanitazama. "Hilo umewafundisha?"

"Nitawaandikia."

"Haya." Kundi likashuka upande wa mto. "Mzee, hebu panda hapa ushike hizi mbili za kulia. Usivute zote pamoja, watazoea."

Nikapanda. Nilivuta zote pamoja, akanigombeza. Nilishika kamba mpaka kwelea wakaenda kulala, sauti imenikauka kwa kupiga kelele, na shule ya watu haikupata macho yake siku ile. Niliposhuka kwenye ngazi alikuwa anafunga makopo.

"Kesho njoo kabla jua halijatoka," akasema. "Ndipo wanakula sana. Na ukichelewa usije kabisa, nitatafuta mwingine."

Nikampigia simu Mama Severina kutoka barabarani, nikamwambia Yusta hapatikani mpaka avune, na mimi pia.